Sr na Ba zinaporuka, Zr ikatulia: kupima elementi haba za kioo cha volkeno kwa leza

Swali: Ninasoma uzamili wa jiolojia. Nina vigae vya kioo kutoka tabaka tatu za majivu ya volkeno ya Bonde la Ufa nchini Kenya, vingi vikiwa na upana wa mikromita 40 hadi 100. Elementi kuu nimeshazipima kwa mikroprobu ya elektroni. Nilipovipeleka kwenye leza iliyounganishwa na spektromita ya masi, Zr (zirkoniamu) na Nb (niobiamu) zilitoka zimetulia, lakini Sr (strontiamu) na Ba (bariamu) zinaruka mara tatu, hata nne, ndani ya tabaka moja. Nilitumia doa la leza lenye upana wa mikromita 30 na kalibresheni ya kioo rejea NIST 612. Nimepewa siku moja ya kurudia. Kosa liko wapi, na siku hiyo niipange vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, usianze kwa kuilaumu mashine. Zr, Nb, Sr na Ba zilipimwa kwenye doa lilelile, katika sekunde zilezile, kwa gesi na plazima ileile. Kama kalibresheni ingekuwa imeyumba, au leza ingekuwa dhaifu, Zr nayo ingeyumba. Kwa hiyo tafuta jibu kwenye kile leza ilichokichimba, na kwenye wingi wa chembe (ioni) zilizofika kwenye kitambuzi.

Anza na asili ya kioo chenyewe. Magma nyingi za eneo la Naivasha, Olkaria na Eburru zina alkali nyingi kuliko aluminiamu, ukihesabu kwa moli. Katika magma za namna hiyo fuwele za zirkoni hazigandi kwa urahisi, kwa hiyo Zr hubaki kwenye kimiminika na kujilimbikiza, na mara nyingi hupita ppm 1,000, yaani sehemu 1,000 kwa milioni. Nb, Y na Th hufuata njia hiyohiyo. Madini ya feldspa ndiyo yanayoganda kwa wingi na kwa muda mrefu, nayo huchukua Sr, Ba na Eu (europiamu). Mlipuko unapotokea, kioo kilichobaki kinaweza kuwa na Sr ya ppm chache tu, huku fuwele ndogo za feldspa zilizo ndani yake zikiwa zimesheheni Sr na Ba.

Sasa piga hesabu. Tuseme kioo kina Ba ppm 10 na feldspa ina ppm 500. Doa lako likichimba kioo asilimia 95 na feldspa asilimia 5, utasoma 0.95 × 10 + 0.05 × 500, yaani ppm 34.5. Ba imepanda zaidi ya mara tatu. Zr, ambayo feldspa karibu haina kabisa, imeshuka kwa asilimia 5 tu na utaiona imetulia. Huo ndio muundo ulioueleza. Asilimia 5 ya shimo lenye upana wa mikromita 30 na kina cha mikromita 15 ni fuwele yenye upana wa mikromita 10 hivi, na inaweza kuwa imejificha chini ya uso, usiione kwenye darubini ya leza wala kwenye picha ya mikroprobu.

Kwa hiyo, kabla ya kurudi maabara, fungua tena data ghafi. Usitazame wastani wa kila doa. Tazama mstari wa ishara kwa muda. Chora Si, Zr, Sr, Ba, Al na Eu pamoja, sekunde kwa sekunde. Kioo safi hutoa mistari inayopanda pamoja, inakwenda sambamba, kisha inashuka taratibu pamoja kadiri shimo linavyozama. Leza ikigonga feldspa, Sr na Ba hupanda ghafla kwa wakati mmoja, mara nyingi Al ikiongezeka kidogo, na Zr hushuka. Madini ya apataiti huinua P, Ca na lanthanidi nyepesi (La, Ce na jirani zake). Zirkoni, katika kioo cha aina nyingine, huinua Zr, Hf na U kwa kishindo. Oksaidi za chuma na titani huinua Ti na V. Kila mgeni anajitambulisha kwa kundi lake la elementi. Kama fuwele iligongwa katikati ya muda, kata kipande hicho cha ishara na utumie sekunde za mwanzo. Sekunde 10 safi zina thamani kuliko 30 zilizochanganyika. Kama Sr na Ba ziko juu tangu pigo la kwanza hadi la mwisho, tupa doa lote, na uandike kwamba umelitupa na kwa nini.

Kuna kipimo kingine rahisi. Chora Sr dhidi ya Ba kwa madoa yote ya tabaka moja, kisha Ba dhidi ya Zr. Uchafu wa feldspa huvuta nukta upande mmoja tu, juu. Nukta za chini zitajikusanya mahali pamoja, na zilizochafuka zitatawanyika kutoka hapo kuelekea kwenye muundo wa feldspa. Kundi la chini ndilo kioo.

Mtawanyiko ukiwa juu na chini sawasawa, bila Sr kwenda pamoja na Ba, shuku uhaba wa chembe zilizohesabiwa. Hapa ukubwa wa doa unatawala kila kitu. Leza ya nanomita 193, kwa nishati ya jouli 3 hivi kwa kila sentimita ya mraba, huchimba takriban mikromita 0.1 kwa pigo. Mapigo 5 kwa sekunde kwa sekunde 30 ni mapigo 150, yaani kina cha mikromita 15. Kwa doa la mikromita 30, shimo hilo lina mikromita za ujazo 10,600 hivi, sawa na nanogramu 25 za kioo. Doa la mikromita 20 hutoa nanogramu 11. Doa la mikromita 10 hutoa 2.8 tu. Ukipunguza upana kwa theluthi, umepoteza zaidi ya nusu ya sampuli. Ukishuka hadi theluthi moja, unabaki na sehemu moja ya tisa. Kisha kumbuka kwamba katika nanogramu 25 za kioo chenye Sr ppm 4, Sr yote ni femtogramu 100, na ni sehemu ndogo sana ya atomi hizo inayofika kwenye kitambuzi.

Kosa la kuhesabu hufuata kipeuo cha pili cha hesabu: chembe 100 zina kosa la asilimia 10, chembe 10,000 asilimia 1. Programu nyingi za kuchakata data hukupa kosa hilo kwa kila doa. Lilinganishe na mtawanyiko wa madoa yako. Kama kosa la kuhesabu Sr ni asilimia 15 na mtawanyiko ni asilimia 18, huna fuwele wala siri yoyote ya magma. Una chembe chache. Kama kosa ni asilimia 8 na namba zinaruka mara nne, kama unavyosema, uhaba wa chembe peke yake hautoshi kueleza.

Zipo tabaka ambamo mtawanyiko ni ukweli wenyewe. Majivu ya Toba ya Sumatra, ya miaka takriban 75,000 iliyopita, yana makundi kadhaa ya kioo yanayotenganishwa vizuri na Ba, ingawa elementi kuu zake zinakaribiana sana. Vigae vya mlipuko huo vilitambuliwa kwenye matope ya Ziwa Nyasa mwaka 2013. Ukichukua wastani wa kioo cha namna hiyo unapata namba ambayo hakuna kigae hata kimoja kilichokuwa nayo. Dalili ya makundi halisi ni kwamba ishara ni safi, na Ba inabadilika pamoja na Zr, Th na Rb kwa mpangilio, si peke yake. Basi usitupe kila kilicho mbali na wastani kwa jina la usafi. Doa hutupwa kwa sababu ya ishara yake, kamwe si kwa sababu namba yake haikupendeza.

Twende kwenye siku yako ya kurudia. Sehemu kubwa ya kazi ni kabla yake.

Vigae vingi vya majivu ni kuta za mapovu, vyembamba kuliko vinavyoonekana kwa juu. Kigae chenye upana wa mikromita 80 kinaweza kuwa na unene wa 15 tu baada ya kusuguliwa. Leza ikitoboa hadi kwenye resini, Si na elementi zote hushuka pamoja, na kwa kuwa kila kitu hupimwa kwa uwiano na Si, kiwango cha elementi kinachotoka hakiharibiki papo hapo. Unachopoteza ni hesabu za chembe. Lakini resini nyingi za epoksi zina klorini, na klorini-35 ikiungana na oksijeni-16 hutoa masi 51, iliyo sawa na vanadiamu. Ukiona V inapanda pale Si inaposhuka, usiiamini. Kwa hiyo sugua kidogo kuliko ulivyozoea: fungua uso wa vigae, kisha ng'arisha kwa unga wa almasi wa mikromita 6, 3 na 1, na uache. Usitumie sahani ya risasi kung'arishia kama unakusudia kupima Pb. Kama vigae vilitenganishwa kwa kimiminika kizito cha tangisteni, usiripoti W. Kaboni iliyopakwa kwa ajili ya mikroprobu iondoe kwa kitambaa na alkoholi, na kila doa lianze na mapigo mawili au matatu ya kusafisha, kisha ngoja sekunde 20 kabla ya kuanza kupima.

Piga picha za elektroni zinazorudi nyuma kwa kila kigae, zenye ukali wa kutosha kuonyesha fuwele za mikromita 1, na uweke alama ya mahali pa kupiga kabla hujafika maabara. Kuchagua mahali ukiwa mbele ya mashine, saa zikihesabiwa, ndiko kunakoleta madoa mabaya. Chagua sehemu nene, zisizo na mapovu, mbali na fuwele kwa angalau upana wa doa moja.

Ukubwa wa doa: kwa vigae vyako ningebaki na mikromita 30 pale kigae kinaporuhusu, na 20 kwa vile vidogo, na kamwe nisingeshuka chini ya hapo kwa ajili ya Sr. Wapo watafiti, hasa wa Aberystwyth huko Wales, waliopima kioo kwa madoa yaliyo chini ya mikromita 10, lakini hiyo ni kazi ya mashine iliyopangwa mahususi, na kwa elementi zilizo nyingi. Chochote utakachochagua, sampuli rejea zipigwe kwa doa, nishati na kasi ileile ya vigae. Elementi zinazogeuka mvuke kwa urahisi, kama Pb, Zn na Cs, hubadilisha uwiano wao na Si kadiri shimo linavyokuwa jembamba na refu, na kupima sampuli rejea kwa mikromita 60 na kigae kwa 20 ni kujitengenezea kosa.

Elementi rejea ya ndani ndiyo inayogeuza ishara kuwa ppm, nayo inastahili uangalifu kuliko gesi zote. Tumia silikoni-29, na SiO₂ ya kigae kilekile kutoka mikroprobu, si wastani wa tabaka. Kosa la Si huingia moja kwa moja: ukiweka asilimia 70 wakati kweli ni 75, elementi zote zitasomeka chini kwa asilimia 6.7. Wengine hutumia kalisi-43 kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kwenye basalti. Kwa kioo chako hilo halifai. CaO ikiwa asilimia 0.3 na mikroprobu ikikosea kwa 0.05, umeshabeba kosa la asilimia 17 kabla leza haijawashwa, na kalisi-43 ni asilimia 0.135 tu ya kalisi yote.

Hapo kuna swali la maji. Kioo cha kale hunywa maji, na jumla ya mikroprobu hushuka hadi 95 au chini yake. Ukiweka SiO₂ ghafi, ppm zako ni za kioo chenye maji. Ukiweka iliyosawazishwa hadi asilimia 100, ni za kioo kikavu. Tofauti ni takriban asilimia 5, inayotosha kutenganisha tabaka mbili zilizo ndugu au kuunganisha mbili zisizohusiana. Nakushauri usawazishe hadi 100, useme hivyo waziwazi, na uhifadhi jumla ghafi kwenye jedwali.

NIST 612 ni kiwango kizuri cha kuanzia, kwa kuwa ina elementi nyingi kwa ppm 40 hivi. Lakini ni kioo cha kutengenezwa chenye CaO karibu asilimia 12, na leza haikichimbi sawa na rayolaiti, yaani mwamba wa volkeno wenye silika nyingi. Weka ATHO-G, kioo cha rayolaiti ya Iceland, kama mtihani: Zr yake ni ppm 512 hivi, Nb 62, Rb 65, Sr 94, Ba 547, Th 7.4. Elementi nyingi zikirudi ndani ya asilimia 5, na chache ndani ya 10, uko salama. Zikikosea zote upande mmoja kwa kiasi kilekile, rudi kwenye thamani ya Si uliyoiweka. Watu wengine husahihisha data kwa ATHO-G kisha wakaitaja ATHO-G ileile kama ushahidi wa usahihi. Hiyo si hoja. Ukiitumia kusahihisha, tafuta nyingine ya kupima, kwa mfano StHs6/80-G, andesaiti ya Mlima St Helens.

Tatizo lako ni Sr na Ba za chini, na ATHO-G haikupi mtihani huko chini. Hata NIST 614, inayosifiwa kuwa kioo cha ppm 1, ina Sr karibu ppm 46. Ba yake, karibu 3.2, inafaa. Kwa Sr ongeza GOR132-G, yenye Sr ppm 15 hivi na Ba chini ya 1. Ni komatiiti, mwamba wa volkeno wenye silika kidogo, haifanani na kioo chako, lakini itakuonyesha kama mashine inasoma kiasi kidogo sawasawa au inaongeza ishara tupu, yaani ile inayosomeka leza ikiwa imezimwa.

Orodha ya isotopu ifupishe. Spektromita ya nguzo nne husoma masi moja baada ya nyingine, hivyo kila isotopu unayoiongeza inawanyang'anya wenzake muda. Isotopu 25 kwa milisekunde 10 kila moja hukamilisha mzunguko kwa robo ya sekunde na kidogo, ukipata mizunguko kama 100 katika sekunde 30. Kwa utambuzi wa tefra, yaani majivu na vipande vinavyorushwa na volkeno, hizi zinatosha: Si-29, Ti-49, Mn-55, Rb-85, Sr-88, Y-89, Zr-90, Nb-93, Cs-133, Ba-137, La-139, Ce-140, Pr-141, Nd-146, Sm-147, Eu-153, Gd-157, Dy-163, Er-166, Yb-172, Hf-178, Ta-181, Pb-208, Th-232 na U-238. Ipe Sr, Ba na Eu milisekunde 20, na uipunguzie Zr hadi 5. Ina chembe tele. Sr-86 iepuke, kwa kuwa agoni huja na kriptoni-86. Ba-137 ikibeba oksijeni inakaa juu ya Eu-153, na Pr-141 juu ya Gd-157. Ndiyo maana oksaidi lazima ziwe chini. Rekebisha gesi hadi ThO (oksaidi ya Th) iwe chini ya asilimia 0.5 ya Th, na ishara za U na Th kwenye NIST 612 zikaribiane, kwa kuwa kioo hicho kina karibu kiasi sawa cha hizo mbili. Th ikibaki nyuma sana, plazima haichomi vumbi la kioo vizuri: punguza agoni, hata kama ishara ya jumla itashuka kidogo. Heli kwenye chumba cha leza, kati ya lita 0.5 na 1 kwa dakika, haina mbadala unaofaa.

Kila doa litachukua sekunde 20 za ishara tupu, 30 za kuchimba, na 40 za kusafisha mirija. Yaani madoa 40 kwa saa mambo yakienda vizuri. Anza na NIST 612 mara mbili, ATHO-G mara mbili, GOR132-G na StHs6/80-G mara moja moja, kisha vigae 12, kisha NIST 612 na ATHO-G tena, na uendelee hivyo. Usiweke tabaka A lote asubuhi na tabaka C lote jioni. Changanya, ili mashine ikihama isikupe tofauti bandia kati ya tabaka. Lenga vigae 25 au zaidi kwa kila tabaka. Ukishatupa vilivyogonga feldspa, utabaki na kama 15 hadi 20, idadi inayotosha kuona kama kuna kundi moja au mawili.

Ukifika kwenye kulinganisha tabaka na volkeno, egemea Zr, Nb, Y, Th na lanthanidi, na uwiano kama Zr/Nb na La/Yb. Rb, Cs na U zinaweza kuhama kioo kinapokunywa maji, kwa hiyo ziwe mashahidi wa pili. Sr na Ba, zikishasafishwa, zitakuambia feldspa ilikuwa imeganda kiasi gani, jambo linalotenganisha milipuko miwili ya volkeno moja ambayo Zr/Nb haiitenganishi. Ndiyo sababu nakusihi usiziache. Mwaka 2022 majivu yaliyolala juu ya mabaki ya binadamu wa Omo Kibish, Ethiopia, yaliunganishwa kwa kemia ya kioo na mlipuko wa volkeno ya Shala wa miaka 233,000 iliyopita, kwa kosa la miaka 22,000, na umri wa mabaki hayo ukasogezwa nyuma. Uamuzi mzito hivyo unasimama juu ya vigae kama vyako.

Kwenye jedwali la mwisho weka kila doa kivyake, ukubwa wake, sekunde zilizotumika, SiO₂ uliyoiweka, thamani za NIST 612 ulizozifuata, na matokeo yote ya ATHO-G, StHs6/80-G na GOR132-G ya siku hiyohiyo. Mahali Sr iko chini ya kikomo cha utambuzi, ambacho kwa kawaida ni mara tatu ya mtawanyiko wa ishara tupu, andika kikomo chenyewe, mfano <0.8, usiandike sifuri wala kuacha pengo.